KUTAFUTA DAWA NI WAJIBU: FUNZO LA KISII NA FUNZO LA BAHARI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Katika darasa zetu za karibuni tumezungumza juu ya tiba na hukumu zake. Imepokewa kwamba mabedui walimwendea Mtume (s.a.w.) wakamuuliza kama yafaa wajitibu, naye akawaamrisha wajitibu, akawafahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Wanavyuoni wamefahamu kwamba dawa ipo, lakini sharti itafutwe, na kutafuta hakuwi ila kwa elimu.

Basi na tutazame maradhi ya kichwa. Katika miji yetu ya pwani, mtu akiumwa na kichwa miezi na miezi, au akaanguka kifafa ukubwani hali hakuwa nacho udogoni, aghlabu husemwa amepandwa na pepo. Hutafutwa fundi, hufungwa hirizi, hunywewa kombe, na fedha za nyumba hupotea. Na huku ndani ya fuvu huenda pana uvimbe unaokua kila siku, wala hauogopi ngoma wala ubani.

Ajabu ni kwamba watu wa bara, mbali na bahari, wametupa funzo katika jambo hili. Katika nchi ya Wagusii, ambayo leo ni kaunti za Kisii na Nyamira, walikuwako kwa vizazi vingi mafundi wa kupasua kichwa, na fundi huyo huitwa omobari. Mtu aliyepigwa kichwani, kisha maumivu yakamganda, alikwenda kwake. Fundi hupasua ngozi, akaukwangua mfupa kidogo kidogo mpaka akafikia utando unaofunika ubongo, na hapo husita asiutoboe. Madaktari wa hospitali waliliona jambo hili wakaliandika katika miaka ya 1950 na 1960, wakastaajabu kuona wengi wa waliopasuliwa wakiishi.

Hatusemi kwamba kazi ile irudiwe leo, wala kwamba iliponya uvimbe wa ubongo. Kukwangua mfupa hakuondoi kilichomo ndani ya nyama ya ubongo. Twasema kwamba watu wale walipouona ugonjwa wa kichwa waliitafuta sababu yake kichwani. Na sisi tulio na urithi wa Abulqasim Az-Zahrawi wa Andalusi, aliyeandika juu ya upasuaji na juu ya mifupa ya fuvu iliyovunjika yapata miaka elfu moja iliyopita, haifai tuwe nyuma yao.

Sasa tuje kwenye bahari yetu. Katika Sura ya An-Nahl Mwenyezi Mungu ametukumbusha kwamba ameitiisha bahari ili tule humo nyama laini na tutoe mapambo. Wataalamu wa zama hizi wanatafuta humo na dawa pia. Miongoni mwa wanavyovitafuta ni kuvu, yaani jamii ya ule ukungu unaoota juu ya mkate uliolala. Ziko kuvu za baharini zaidi ya aina 1,000 zinazojulikana, zikiishi juu ya magogo yaliyozama, juu ya mwani, ndani ya sifongo na katika mizizi ya mikoko kama ile ya Lamu na Gazi. Kiumbe kisichoweza kukimbia wala kuuma hujilinda kwa sumu, na sumu hiyo, ikipimwa kwa kadiri yake, huenda ikawa dawa.

Jambo hili si ndoto. Mwaka 1945, daktari wa Kitaliani Giuseppe Brotzu alichukua maji ya bahari karibu na mahali palipomwagwa maji machafu ya mji wa Cagliari, akapata humo kuvu inayoua vijidudu. Kutokana na kuvu ile kulizaliwa ukoo mzima wa dawa, na seftriaksoni, sindano inayojulikana sana katika hospitali zetu, ni wa ukoo huo.

Lakini uvimbe wa ubongo ni adui mwingine. Ule mbaya kuliko yote huitwa glioblastoma. Mizizi yake huingia katika ubongo mzima, hata mpasuaji hawezi kuitoa yote. Na baina ya damu na ubongo pana kizuizi ambacho dawa nyingi hazipiti. Mwaka 2005 ilithibitishwa kwamba kuongeza dawa ya temozolomidi juu ya matibabu ya mionzi hurefusha maisha, lakini wastani ulitoka miezi 12.1 ukafika miezi 14.6 tu. Ndiyo maana wanatafuta hata chini ya bahari.

Na hapa pana funzo la amana. Ilipatikana dawa iitwayo marizomibu, ambayo asili yake ni bakteria wa mchanga wa bahari, nao si kuvu bali ni jirani zake. Katika maabara iliua chembe za uvimbe, tena ilikivuka kile kizuizi cha ubongo. Watu wakatumaini. Ikajaribiwa kwa wagonjwa 749, nusu wakapewa na nusu wasipewe, ikaonekana haikuwaongezea uhai. Wataalamu wakatangaza hivyo wazi, wala hawakuficha.

Linganisha, ewe msomaji, na muuza dawa wa sokoni asemaye chupa yake huondoa kila uvimbe! Amewapima wangapi? Kuua chembe ndani ya kioo si kuponya mtu. Hata chumvi nyingi huziua. Mpaka leo hapana dawa iliyotokana na kuvu za baharini iliyothibitishwa kuponya uvimbe wa ubongo, na anayemuuzia mgonjwa maneno kinyume cha haya amekula mali ya watu kwa batili.

Basi yatupasayo ni matatu. Kwanza, mwenye maumivu ya kichwa yanayozidi alfajiri pamoja na kutapika, au kifafa kipya, au udhaifu wa upande mmoja, apelekwe hospitali akapigwe picha ya ubongo. Aghlabu ya maumivu ya kichwa si uvimbe. Lakini hayajulikani kwa kubahatisha. Kumsomea Kurani na kumwombea dua ni jambo jema, nalo halizuii kwenda kwa daktari.

Pili, tuhifadhi mikoko yetu. Anayeikata ovyo huenda anachoma kuni duka la dawa lisilofunguliwa bado.

Tatu, tuwasomeshe watoto wetu, wa kiume na wa kike, elimu ya viumbe na ya dawa. Imamu Ghazali ameihesabu tiba katika faradhi za kifaya: wasipopatikana wa kuisimamia, mji mzima una dhambi. Tusingoje wageni waje kutuambia kilichomo katika mizizi ya mikoko iliyo nyuma ya nyumba zetu.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.