Mchuzi wa Samaki: Viungo Haviondoi Sumu

Samaki avuliwaye karibu na kisiwa cha Chale, kusini mwa Diani, huweza kuingia chunguni siku iyo hiyo. Anayesafirishwa hadi masoko ya mjini pengine hukaa saa nyingi bila barafu. Mpishi akimshuku, humtia ndimu, tangawizi na pilipili za kutosha. Harufu hupungua, lakini sumu hubaki.

Wa kuangaliwa zaidi ni jodari, nguru na vibua. Nyama yao ina histidini nyingi, ambayo bakteria huigeuza kuwa histamini samaki akikosa baridi. Moto huua bakteria hao, lakini hauharibu histamini, na kumgandisha samaki baadaye hakusaidii. Tena aweza asinuke kabisa.

Dakika chache hadi saa moja au mbili baada ya kula, uso huwaka moto, kichwa huuma, moyo hwenda mbio, ngozi huwasha na tumbo huendesha. Mdomo nao huwasha kama uliotiwa pilipili, na katika mchuzi mkali nani atatambua? Aghalabu hali hiyo hupoa kwa siku moja, na dawa za mzio husaidia. Anayeshindwa kupumua au kuvimba ulimi akimbizwe hospitali mara moja. Wengine huacha samaki maisha yao yote wakidhani wana mzio, kumbe kosa lilikuwa la barafu. Mzio wa kweli, kama ule wa kamba, hurudi kila mlapo.

Basi nunua samaki mwenye macho maangavu, matamvua mekundu na nyama inayorudi ukiibonyeza, naye awe juu ya barafu. Mbebe na barafu, umhifadhi chini ya nyuzi 4.

Kwa kilo moja, kaanga vitunguu maji viwili, kisha saumu, tangawizi, nyanya tatu na bizari. Mimina tui jepesi la nazi mbili, ukwaju na pilipili moja nzima isiyopasuka, watoto nao wapate kula. Chumvi iwe kidogo, ukwaju hufidia. Mtie samaki kwa dakika 10 hivi, kamba wafuate mwishoni, kwani wakipikwa mno huwa kama mpira. Tui zito liingie mwisho kwa moto mdogo, ukikoroga lisikatike.

Utakaobaki usilale jikoni sufuriani. Kabla ya saa mbili kupita, utie kwenye friji.