Somo la Ufundi: Kapasita Hutunza Umeme Hata Plagi Ikichomolewa



Buguruni ina mafundi wengi wa redio, runinga na feni, na vijana hujifunza kazi hiyo kwa kuketi kando ya fundi. Feni ikinguruma bila kuzunguka, mara nyingi fundi hutazama kwanza kapasita. Ni kifaa ambacho kijana anapaswa kukielewa kabla ya kufungua chombo cha mteja.

Ndani ya kapasita mna mabamba mawili ya metali yaliyotenganishwa na kitu kisichopitisha umeme. Ikiunganishwa na betri, bamba moja hupata chaji hasi na jingine chaji chanya. Betri ikiondolewa, chaji hubaki mpaka ipate njia ya kutokea.

Mahitaji: betri ya volti 9, kapasita mbili za volti 25 (maikrofaradi 1,000 na 470), rizista ya omu 1,000, taa nyekundu ya LED na nyaya.

1. Unganisha kapasita kubwa na betri kupitia rizista. Mguu wenye alama ya kutoa uende upande hasi. Ukigeuzwa, kapasita inaweza kupasuka.
2. Subiri sekunde 5. Katika sekunde 1 ya kwanza hufikia takriban asilimia 63 ya volti za betri. Kwa sekunde 5 imejaa karibu kabisa.
3. Ondoa betri. Unganisha kapasita na taa kupitia rizista ileile, mguu mrefu wa taa ukiwa upande chanya. Taa itawaka bila betri, kisha itafifia taratibu.
4. Rudia kwa kapasita ndogo. Muda wa kuwaka utapungua kwa karibu nusu.

Jaribio hili halina hatari, lakini runinga inayo. Umeme wa nyumbani wa volti 230, ukigeuzwa kuwa mkondo mnyoofu, hufikia takriban volti 325. Kapasita ya maikrofaradi 100 kwa volti hizo hutunza nishati zaidi ya mara 100 ya ile iliyowasha taa yetu. Kuchomoa plagi hakutoshi: chaji itolewe kupitia rizista inayofaa, si kwa bisibisi, kisha ipimwe kwa mita kabla ya mkono kugusa.

Kwa hiyo, kamati za sharika na wafadhili wanaoandaa mafunzo ya vijana, orodha ya vifaa na ianze na mita, na somo la kwanza liwe hili.