Juni 21: Jua Linaposimama Milepa

Wenzangu, wengi wetu tulikariri sekondari kwamba solistasi ya majira ya baridi ni Desemba 21 au 22. Kwa London ni kweli. Kwa Milepa, sivyo. Sisi tuko karibu nyuzi 8 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo siku yetu fupi kuliko zote huangukia Juni 20 au 21. Mimi nasomea ualimu na jambo hili linanikera: mtoto wa Sumbawanga amekaa darasani na sweta mwezi Juni, huku anaandika kwenye daftari kwamba ni majira ya joto!

Neno solistasi asili yake ni Kilatini, maana yake jua kusimama. Jua halisimami, bila shaka. Mhimili wa dunia umeinama kama nyuzi 23.4, kwa hiyo mahali jua linapochomozea husogea kidogo kidogo mwaka mzima. Juni linafika mwisho wake wa kaskazini, kwa siku kadhaa unaona kama limetulia palepale, kisha linaanza kurudi kusini.

Hili unalifundisha kwa fimbo tu. Isimamishe wima uwanjani, juu ya ardhi ibaki mita moja kamili. Juni 21, jua likiwa juu kabisa, kivuli Milepa kitaelekea kusini, urefu kama sentimita 61. Desemba 21 kitaelekea kaskazini, kama sentimita 27. Ila usipime saa sita kamili. Saa zetu Tanzania nzima zinafuata nyuzi 45 mashariki, na Milepa iko karibu na 32, hivyo mwezi Juni jua linafika juu kabisa saa saba kasoro dakika chache. Dar es Salaam ni kama saa sita na nusu. Yaani saa ya ofisini inasema mchana umefika, kivuli kinasema bado!

Tofauti ya mchana wa Juni na wa Desemba kwetu ni karibu saa moja tu. London ni karibu saa tisa. Ndiyo maana wa kaskazini wanafurahia mwanga kurudi. Kwetu giza si habari. Habari ni baridi, hasa juu kwenye uwanda wa Ufipa unaopita mita 1,700. Sisi wa Milepa tuko chini bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, sweta ni ya asubuhi tu, na wa Sumbawanga wanatucheka tukipanda huko.

Kufunga mwaka katikati ya mwaka wala si jambo geni nchini. Serikali inafunga hesabu zake Juni 30. Makunduchi, Unguja, wanaoga mwaka mwezi Julai, Mwaka Kogwa, kwa kalenda ya jua yenye siku 365 wanazozihesabu kwa miongo ya siku kumi kumi. Wanachoma kibanda, wanapigana kwa migomba, kinyongo cha mwaka kinaishia hapo.

Kwetu hakuna ngoma ya solistasi. Kuna magunia. Juni mahindi yameshaingia ndani, mvua ni mpaka Novemba, na hapo ndipo familia inakaa kujihoji. Mwaka huu tulikuwa na magunia 14. Nyumba yetu inakula gunia moja kwa mwezi, na mavuno mengine ni Mei. Mdogo wangu amechaguliwa kidato cha tano: godoro, sare, nauli. Baba alitaka tuuze sita, mtoto asiende kinyonge. Mama alichukua chaki, akachora mistari 11 ukutani, mmoja kwa kila mwezi.

"Baba yenu, hayo mengine matatu uza," alisema. "Haya yana majina. Huu ni Februari. Nani hatakula Februari?"

Bei ya Juni kila mkulima anaijua: kila mtu anauza, mnunuzi anajipangia. Nikatoa sehemu ya bumu langu, likanunua godoro. Matatu yakapanda lori kwenda Sumbawanga. Sare itakuwa moja, ya pili ikingoja ufuta uuzwe.

Mdogo wangu anaondoka wiki ya kwanza ya Julai. Mstari wa kwanza Mama ameshaufuta.