Kabla Hujakubali Kupigiwa Windows Upya

Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo, hasa Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad, zilitengenezwa kwa ajili ya maofisi, na mipangilio yake ya ndani ilifuata matakwa ya maofisi hayo. Mtu ananunua SSD, anashuka mwendokasi kituo cha Gerezani, anampelekea fundi. Siku chache baadaye anagusa mpangilio mmoja tu kwenye BIOS, na skrini inakuwa ya bluu: INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Anaambiwa Windows imekufa, ipigwe upya.

Kataa kwanza. Rudisha mpangilio ule ulivyokuwa, na kwa kawaida mashine itawaka na faili zako zote zitakuwepo. Windows haikufa, ilikosa draiva ya kufikia SSD kwa njia mpya uliyoichagua. Inaniuma kuona mwanafunzi anafutiwa utafiti wake kwa jambo linalorekebishwa kwa dakika chache.

Mpangilio wenyewe kwenye Dell unaitwa SATA Operation. Unaingia BIOS kwa F2. HP ni F10, na ThinkPad ni F1. Utakuta AHCI na RAID, na kwenye mashine kuukuu IDE pia. AHCI, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2004, inaiwezesha SSD ya SATA kupanga foleni ya amri hadi 32. Latitude nyingi hutoka kiwandani zikiwa RAID, njia ya kuunganisha diski kadhaa, hata kama ndani mna diski moja. Kwa diski moja, chagua AHCI. Hata SSD ya NVMe, ambayo haitumii AHCI, inanufaika, kwa sababu Windows itaifikia bila kupitia draiva ya Intel. Ila kama diski mbili zimeunganishwa kweli kwa RAID, au mashine inatumia Optane, usiguse kabla ya kunakili data zako pembeni.

Kama ndiyo kwanza unapiga Windows, weka AHCI kabla ya kuchomeka flashi. Kwenye Intel za kizazi cha 11 na kuendelea, huenda ukakuta mpangilio uitwao VMD. Windows ikisema haioni diski yoyote, usikimbilie kurudisha SSD dukani: zima VMD, au weka draiva ya Intel kwenye flashi uipakie pale pale.

Kama Windows tayari imo, fuata utaratibu. Hifadhi namba ya kufungulia BitLocker, kufuli la Windows la diski, mahali nje ya mashine hiyo, kisha isitishe BitLocker kwa muda. Hakikisha unaikumbuka nywila yako, maana PIN inaweza kukataa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msconfig, fungua Boot, tia tiki Safe boot, halafu zima na kuwasha. Ingia BIOS papo hapo kabla Windows haijawaka, badili kuwa AHCI, hifadhi. Windows itawaka kwenye Safe Mode na kujipatia draiva inayofaa. Rudi msconfig, toa ile tiki, washa upya, kisha rejesha BitLocker.

Ukimaliza, fungua Command Prompt kama msimamizi uandike fsutil behavior query DisableDeleteNotify. Jibu likiwa 0, Windows inaiarifu SSD sehemu zilizofutwa, kazi inayoitwa TRIM.

Skrini ya bluu ikirudi bila wewe kugusa chochote, tazama saa na tarehe. Zikiwa zimerudi nyuma miaka, betri ndogo ya BIOS imekwisha, na huenda mipangilio imerejea ya kiwandani, ambayo kwenye Latitude nyingi ni RAID. Laptopu ambayo betri yake kubwa nayo imechoka inaweza kufanya hivyo kila umeme ukikatika. Weka AHCI tena, kisha mwombe fundi abadilishe betri hiyo ndogo. Mashine nyingi hutumia CR2032, na kwenye baadhi huwa na waya wake, kwa hiyo nenda na ile ya zamani mkononi.