SOMO: MIPAKA YETU NA MLANGO WA KUBISHA



Tumeona kikundi cha akina mama kikipoteza nauli na siku tatu kwa kuzungushwa. Ofisi hii inasema, "Nendeni ile." Ile nayo inasema, "Rudini kule." Leo basi tujifunze tunaishi wapi kiserikali.

1. Nchi yetu
Kisii na Nyamira ni nchi ya vilima, mvua nyingi, chai na ndizi. Mto Gucha unapita kwetu, na kule Tabaka kuna mawe laini ya kuchonga. Hesabu ya watu ya 2019 ilipata watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Tuko wengi na mashamba ni madogo. Ndiyo maana neno "mpaka" linatuchoma.

2. Mipaka ilitoka wapi?
Wazee wetu walijitambua kwa koo: Kitutu, Nyaribari, Bobasi, Machoge, Mugirango. Waingereza walipojenga kituo Getembe, mji wa Kisii ulianza hapo. Watu hawakukubali kirahisi. Mwaka 1908 Otenyo alimchoma mkuki Northcote, mtawala wa Kiingereza. Septemba 1914 Wajerumani nao walivuka kutoka koloni lao la kusini, wakapigana na Waingereza papo hapo mjini. Vita havikuwa vyetu, lakini vilipiganwa kwetu.

Wakati huo tulikuwa wilaya moja na majirani Waluo na Wakuria, ikiitwa Kavirondo Kusini. Baadaye Kisii ikawa wilaya yake, na mwishoni mwa miaka ya 1980 Nyamira ikakatwa kutoka Kisii. Katiba ya 2010 ilileta kaunti, zikaanza kazi 2013.

Mnaona? Mpaka umehamishwa mara nyingi, lakini jirani ni yule yule. Tazameni Keroka: soko moja, kaunti mbili, na ugomvi wa ushuru umetokea. Mama muuza ndizi ndiye anayeumia.

3. Tubishe mlango gani?
- Kaunti: zahanati, masoko, barabara ndogo, mafunzo ya kilimo, shule za chekechea.
- Serikali kuu: chifu, polisi, shule za msingi na sekondari, hati za mashamba. Kuandikisha kikundi pia ni huku, kwa afisa wa maendeleo ya jamii.

Kisii ina wadi 45, Nyamira 20. Kila wadi ina mwakilishi wake katika bunge la kaunti. Kaunti inapopanga bajeti, sheria inaitaka isikilize wananchi. Tusipohudhuria, wengine watatusemea.

4. Tujadiliane
a) Kikundi chetu kiko wadi gani? Kila mmoja aitaje.
b) Shida yetu kubwa mwaka huu ni ya mlango upi?
c) Tuna majirani ng'ambo ya mpaka wenye shida hiyo hiyo? Tutafanyaje kazi pamoja nao?

Kabla ya kufunga mkutano, chagueni wawili wa kwenda, na siku ya kurudisha jibu. Katibu aandike.