Mkorogo Hauishii Usoni

Hebu tuulizane. Mvulana akiwa mweusi tititi, nani humsema? Lakini dada yake, weusi uleule, tangu mdogo atasikia: "Mh, huyu nani atamuoa?" Tena anayesema ni shangazi au bibi, watu wanaompenda. Si ajabu basi kwamba wateja wakubwa wa mkorogo ni wasichana. Wavulana wanaojichubua wapo, sikatai.

Fikra hii ina historia. Afrika Kusini, sheria ya mwaka 1949 ilikataza Wazungu kuoana na watu wa rangi nyingine, na ya mwaka 1950 ikamwandikisha kila mtu kwa rangi yake. Rangi ikaamua utaishi wapi na utasoma shule gani. Mahali kama hapo krimu za kung'arisha ngozi zilipata soko haswa, mpaka zikapigwa marufuku mwaka 1990. Huku kwetu nako wakoloni waligawa shule na hospitali kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Utaratibu huo ulifutwa, lakini macho yetu bado yanapima weupe.

Sasa tuje mwilini. Weusi wetu unatokana na melanini, inayotukinga na jua. Krimu nyingine zina zebaki, ambayo huzuia melanini isitengenezwe. Zebaki hupenya ngozini, huingia kwenye damu na kuharibu figo. Mama mjamzito akijipaka, inamfikia mtoto tumboni. Na asiyejipaka je? Zebaki hubaki kwenye taulo na mashuka, hata huwa mvuke ndani ya nyumba. Kwa hiyo yule kaka aliyekuwa akimcheka dada yake naye anaivuta!

Krimu nyingine zina steroidi. Hizi huifanya ngozi kuwa nyembamba, na kidonda au mshono wa operesheni huchelewa kupona.

Usitegemee lebo, maana watengenezaji wengine hawaandiki kilichomo. Kama umeshaanza kutumia, na uso au miguu inavimba, au mkojo una povu jingi, nenda hospitali na kopo lako mkononi. Usione haya kulitoa; daktari asipojua unachopaka atatafuta ugonjwa mwingine. Na kama umepaka ya steroidi kwa muda mrefu, usiache ghafla kabla hujamwona, kwani ngozi inaweza kuwaka na kuvimba vibaya zaidi.