Makala hayaingie shambani na njaa

Udongo mwekundu wa Walungu na Kabare umechoka na uko na asidi. Mvua inaosha chakula cha mimea. Makala ya kuponda yanakishika. Lakini ukiyatia yenyewe tu, yanajilisha kwanza na shu zinageuka manjano. Tuyalishe mbele.

1. Chimba shimo la upana wa mita 1, lenye kwenda likifinyika chini. Choma vigunzi vya mahindi na mabua makavu. Majivu meupe yakianza kuonekana, ongeza tabaka lingine.

2. Shimo likijaa, zima kwa maji mengi. Ukichelewa, utabaki na majivu tu.

3. Ponda kama punje za mahindi. Changanya ndoo 1 na ndoo 4 za mboji yenye unyevu. Funika kwa majani ya migomba wiki 3, ukigeuza kila wiki.

4. Tia mikono miwili katika kila shimo la shu.

Musikate miti, wala musinunue makala ya msitu wa Kahuzi-Biega: kilima kikibaki wazi, mvua itabeba udongo wenyewe. Takataka za shamba zinatosha.

Muanze na tuta moja. La pembeni mulilime kama zamani, kisha mulinganishe wakati wa kuvuna.